Wajapani wa Bi Kuruthum

Kwa watu wa Unguja waliohamia Ibra, Omani, harusi ya wanawake haikuwa harusi mpaka Bi Kuruthum akae nyuma ya redio yake ya kanda. Alikuwa mjane, na hapakuwa na mahali pengine duniani alipongojewa.

Tatizo lilikuwa nyimbo. Kwa wanawake hawa taarabu haipigwi tu, hupigiwa mtu. Mwenye neno na mwenziwe husubiri ubeti unaofaa, akanyanyuka na noti mkononi, akacheza taratibu mpaka mbele ya anayemkusudia, ndipo akaenda kumtunza mpigaji. Hataji jina, hatukani. Mwaka ule wa 1999, harusi mbili mfululizo zilikwisha kwa watu kuvutana mitandio.

Kwa hiyo Bi Rahila, mama wa bibi harusi wa tatu, alikuja mapema kumwambia, kwa adabu zote, kwamba likitokea la kutokea na safari hii, kazi hiyo atapewa mwengine.

Bi Kuruthum hakulala siku mbili. Ya tatu akakumbuka kanda ya mwanawe Hamed, aliyekuwa dereva wa wahandisi wa Kijapani kule Sur: wimbo mmoja wa disko, wanawake wawili wakiimba, uliovuma sana kwao. Wimbo usiofahamika na mtu, aliwaza, hauwezi kumchoma mtu. Hoja ilikuwa nzuri. Kasoro yake ni kuwa haikuwazingatia Waunguja.

Siku ya harusi, baada ya alasiri, akaupiga. Ukumbi ukachangamka, hata bibi wa miaka sabini akatikisa bega. Mara Fakhriya, ambaye hajasahau kuwa jirani yake Ghaniya alizisema sambusa zake, akanyanyuka na riyali. Akacheza polepole hadi mbele ya Ghaniya, akasimama hapo, akayumba.

Mume wa Ghaniya alikuwa ameoa mke wa pili huko mji wa Bidiya, mwezi haujesha.

"Mimi huyo," alisema Ghaniya.

Bi Kuruthum akajieleza mbio mbio kuwa hicho ni Kijapani, mwanangu, hapana ajuaye wanasema nini.

"Wanawake wawili, wimbo mmoja, huyu akinyamaza yule anadakia. Fumbo mfumbie mjinga, Bi Kuruthum." Akatoa riyali tano. "Geuza kanda. Na mimi nina langu."

Bi Rahila alikuwa ameshasimama mlangoni. Bi Kuruthum akageuza, akijua kazi imekwenda.

Kumbe Wajapani upande wa pili hurikodi muziki ule ule bila waimbaji, mtu ajiimbie mwenyewe. Ngoma zikaanza. Ukumbi mzima ukanyamaza kusikiliza jibu. Halikuja. Ghaniya akasimama mbele ya Fakhriya, midomo kaifunga, anatabasamu, noti hewani, dakika nne kamili. Lililomstahiki Fakhriya lilikuwa zito hata halitamkiki.

Fakhriya akatafuta pa kujibia, asipate. Neno hujibiwa kwa neno; lisilosemwa utalijibu vipi? Akakaa, akaomba maji. Vigelegele vikapasua dari, na hakuna mtandio uliovutwa.

Bi Rahila akaja mpaka kwenye redio. Bi Kuruthum alikwishaanza kuzoa kanda zake kuzitia mkobani.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bi Rahila, akainama sikioni. "Huo upande wa pili urudishe mwanzo. Wifi yangu ndo kwanza anaingia."