Kafi Lililofungwa Kitenge

Domisiana aliingia kwenye uvuvi kwa ubishi. Mumewe Pancras alipofariki, ndugu wa marehemu walikuja kugawana vitu: huyu akabeba baiskeli, yule akaswaga mbuzi, mtumbwi ukabaki kwa sababu hakuna aliyejua kuuendesha. Domisiana akausukuma majini mwenyewe. Kitongoji kizima huko Bugarama kilicheka. Walisema mwanamke akipanda mtumbwi, samaki wote huhamia Burundi. Samaki hawakuhama, na hao hao waliocheka ndio waliokuwa wakipita jioni kuuliza kama kuna kambare aliyebaki.

Alivua hivyo miaka kumi na sita katika mto Ruvubu, mpakani mwa Tanzania na Burundi, bila kuzama na bila kuumwa na mnyama, kwa sababu alishika masharti mawili aliyoachiwa na Pancras. La kwanza: kabla ya kila kona, geuza kafi ugonge ubavu wa mtumbwi kwa mpini, ko, ko. Mto ule una mafunjo kila upande, huoni mbele, na kiboko hapendi kushtukizwa. Ukimwambia upo atakupisha. Ukimjia kimya kama mwizi, shauri yako. La pili Pancras alilirudia mpaka likawa linamkera mkewe: gonga ukiwa majini, usipige kelele kamwe ukiwa nchi kavu. Kiboko aliye malishoni akishtuliwa hukimbilia mtoni, na chochote kilicho njiani atakipitia.

Kugonga huko kulimpatia rafiki. Ng'ambo ya pili, upande wa Burundi, kulikuwa na mvuvi mmoja, mzee Hakizimana. Domisiana akigonga mara mbili kwenye kona ya mkuyu, Hakizimana hujibu mara tatu kutoka kwenye ukungu. Maana yake ilikuwa: nipo, mzima, tuendelee na kazi. Wakikutana katikati walipeana chambo, wakaulizana habari za watoto, kila mmoja akageuza mtumbwi wake.

Kisha ukaja mwaka 2015. Kuanzia mwezi wa nne watu wa ng'ambo walianza tena kuvuka wakikimbia machafuko ya kwao, na godoro kichwani, na kuku kwapani, na wengine mikono mitupu. Mabasi yalikuwa yakiwazoa kwenye kituo cha mapokezi kuwapeleka kambini. Asubuhi moja ya mwezi wa tano Hakizimana alisogeza mtumbwi wake mpaka mbao zikagusana, akasema kwa sauti ya chini.

"Mama Febronia, wanakusanya mitumbwi ya upande wetu. Wangu utachukuliwa wiki hii. Kuna vijana wenye silaha wanazunguka ukingoni, kwa hiyo mimi sitaanza kugonga tena. Anza wewe. Kila asubuhi gonga. Siku nikiwa tayari na watu wangu nitajibu, nawe uje utuchukue kwenye mafunjo."

"Nitagonga kila asubuhi," alisema Domisiana. "Na usiponisikia ujue nimekufa."

Hilo la mwisho alilisema kwa mzaha. Alikuja kulijutia sana.

Siku tisa aligonga, na siku tisa hakujibiwa. Siku ya kumi aliteleza kwenye mteremko wa kisimani na dumu la maji, bega likachomoka. Mzee wa kuunga mifupa alilirudisha mahali pake huku yeye akiuma kanga, akamkataza kushika kafi miezi miwili. Mtumbwi ukapita kwa mkwewe.

Huyu mkwe aliitwa Derick, mtoto wa Wasukuma waliohamia Nyamahanga kule Biharamulo, kijana mpole aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Febronia, mkewe, alikuwa mtoto pekee wa Domisiana, hakutaka kumwacha mama peke yake, basi Derick akajenga nyumba yake upande wa pili wa ua wa mama mkwe. Watu walimtania kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Alicheka nao. Kitu kimoja tu ndicho hakukifanyia mzaha, nacho ni heshima ya ukwe. Kwao na kwa kina Domisiana ni mamoja: mkwe na mama mkwe hawali chombo kimoja, hawatazamani usoni, hawaitani majina. Mmoja akiwa na neno, linapita kwa Febronia kama barua inavyopita posta.

Mto Derick hakuujua, lakini alikuwa na simu kubwa yenye kioo kilichopasuka kona, na ndani ya simu mlikuwa na kundi la wavuvi, watu mia mbili na zaidi ambao hakuwahi kuwaona. Humo walitumiana mafunzo na video. Video moja ilimkaa moyoni: mzungu mwenye kofia, kwenye ziwa lililotulia kama maji ya beseni, akieleza kwamba sauti husafiri majini kwa kasi kuliko hewani, na kwamba samaki anasikia hata mtu akiangusha kijiko chomboni. Mvuvi mzuri, alisema, ni mvuvi wa kimya.

Derick akaomba kitenge cha zamani cha mkewe, akakichana, akalifunga kafi kuanzia chini mpaka juu, akiacha ncha ya mpini tu, ili lisigonge mbao.

"Mwambie agonge," Domisiana alimwambia Febronia siku ya kwanza. "Kuna viboko."

Febronia alivuka ua na tumbo lake la miezi minane, akarudi. "Anasema ahsante mama. Anasema akipita kimya hata viboko hawatajua kama yupo."

"Ndiyo maana nasema agonge!"

Siku hiyo Derick alirudi na kambare saba. Kesho yake tisa. Domisiana katika maisha yake yote alikuwa akirudi na wanne, watano siku Mungu akipenda. Aliletewa mmoja mnene kwenye sahani iliyofunikwa, akamla peke yake jikoni, na kila tonge lilimwambia kwamba mzungu wa kwenye simu hakusema uongo. Samaki kweli wanasikia. Alikasirika, na kwa vile alikuwa mkweli kwa nafsi yake, alijua kwamba sehemu ya hasira ile ilikuwa wivu.

Sehemu nyingine ilikuwa hofu, na hofu hiyo hakumwambia mtu. Angewezaje? Derick alikuwa na tabia ya kupiga picha kila kitu na kukitupia kundini: kona ya mkuyu, mafunjo, ukingo wa ng'ambo, kambare wamepangwa kwenye nyasi. Nani anajua hao mia mbili ni akina nani na wanakaa upande gani wa mto? Akimwambia Febronia habari za Hakizimana, Febronia atamwambia mumewe, na mwanamume mwenye simu ile hana siri. Basi kila jioni alituma neno lile lile, agonge kwa ajili ya viboko, na kila jioni likarudi na shukrani na heshima zote, bila utekelezaji.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Asubuhi aliamka, akakaa kwenye kigoda mlangoni, bega limefungwa, akisikiliza upande wa bondeni. Hakusikia kitu. Akawaza: leo labda ndiyo leo. Labda wamelala kwenye tope, mtoto amezibwa mdomo asilie, mzee ametega sikio. Akijiambia atavuka ua mwenyewe aseme, miguu inakataa. Miaka hamsini na nane amefundishwa kwamba mama anayemkabili mkwewe uso kwa uso ameivua nyumba yake nguo. Na, tuseme lote, kuna siku alijisemea moyoni, asiyefunzwa na mamaye atafunzwa na ulimwengu. Alipokumbuka huyo wa kufunzwa ni mume wa Febronia, alipiga ishara ya msalaba haraka haraka.

Wiki ya tatu Febronia akapelekwa hospitali kusubiri uchungu, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Posta ikafungwa. Uani wakabaki wawili wasiosemezana, mmoja akipika na kuacha sufuria mlangoni, mwingine akiichukua na kukohoa kama shukrani.

Siku ya tano ya ukimya huo Domisiana alishuka mtoni mara tu kulipopambazuka. Hakujua anakwenda kufanya nini. Alikuwa amechoka kusikiliza kutoka mbali. Ukungu ulikuwa mzito. Mtumbwi haukuwepo, Derick alikwishaondoka. Domisiana akafuata ukingo kuelekea kona ya mkuyu, na kabla ya kufika akasimama ghafla.

Kwenye tope palikuwa na nyayo mbichi za kiboko, maji yakiwa bado yanajaa ndani yake. Kubwa, na pembeni yake ndogo. Jike na ndama. Zilikuwa zinapanda kutoka mtoni kwenda kwenye majani. Akatafuta zinazoshuka, akainama, akapapasa kwa mkono mzima. Hazikuwepo.

Alielewa yote kwa mara moja. Jike na mwanawe walikuwa bado nchi kavu, mahali fulani nyuma yake kwenye majani marefu, na jua likitoka watarudi majini kwa njia hii hii. Na chini ya njia hii, kwenye kona ya mkuyu, ndipo Derick alipotega ndoano zake. Yuko pale sasa, kimya, kafi limevaa kitenge. Mnyama hajui kama kuna mtu. Na yeye Domisiana hawezi kupiga kelele! Sauti yoyote kutoka hapa aliposimama itamsukuma jike yule moja kwa moja juu ya mkwewe. Pancras, mume wangu, alisema moyoni, sharti lako limenifunga mdomo.

Hapo ndipo alipokumbuka kisimu chake cha tochi, kilichofungwa kwenye pindo la kanga. Febronia alikuwa ameingiza humo namba ya Derick, na tangu siku hiyo haikuwahi kubonyezwa. Karibu na hapo palikuwa na kichuguu, mahali pekee ambapo mtandao wa Tanzania ulishika bila kuporwa na wa Burundi. Alikipanda kwa magoti na mkono mmoja. Akabonyeza. Mwanamke wa kwenye simu akasema kwa sauti ya kanisani kwamba mteja hapatikani. Domisiana akaikandamiza simu kifuani, akihema, macho kwenye majani. Kulikuwa na kitu kinatafuna, si mbali. Alikisikia kikikata majani, kikipumzika, kikikata tena.

Akabonyeza mara ya pili. Ikaita.

"Mama?" Derick alinong'ona, na sauti yake ilitetemeka, kwa maana mama mkwe hawezi kupiga simu ila kuna msiba. Kisha mazoea yakamshika hata pale. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Derick, nisikilize." Naye alinong'ona. Alikuwa ametamka jina lake, na mbingu hazikuanguka. "Febronia ni mzima. Kuna kiboko na mwanawe huku juu, wanashukia hapo ulipo. Kata kamba ya ndoano. Nenda katikati ya mto. Geuza kafi, ugonge kwa mpini. Gonga kwa nguvu."

"Mama, ndoano zote…"

"Gonga, mwanangu!"

Simu ikakatika. Domisiana akafumba macho. Utafunaji kule majanini ulikuwa umenyamaza. Akahesabu pumzi zake mpaka saba. Kisha kutoka kwenye maji, katikati ya ukungu, ikaja: ko, ko. Ko, ko. Ko, ko. Majani yakapasuka upande wa kushoto, ardhi ikatetemeka chini ya kichuguu, na kitu kizito kikashuka kwa kishindo, lakini mbali na mkuyu, kule chini mto unakopanuka. Maji yakapiga kelele, yakatulia. Ko, ko, Derick aliendelea kugonga kama mtu aliyesahau kuacha. Domisiana alilia bila kutoa sauti.

Halafu, kutoka ng'ambo, taratibu, kama fimbo inayopigwa kwenye gogo: ko. Ko. Ko.

Alipiga simu tena. Safari hii hakuona haya. "Umesikia? Fuata hiyo sauti. Usipige picha. Ni rafiki yangu na watu wake, wako kwenye mafunjo. Nenda kawachukue."

Derick alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alirudi na mke wa Hakizimana, Nkeshimana, na wajukuu wawili wenye midomo iliyopasuka. Mara ya pili akaja na mzee mwenyewe, aliyekonda mpaka koti linamning'inia. Domisiana alimshika mikono yote miwili kwa mkono wake mmoja.

"Nilidhani umekufa," alisema Hakizimana. "Wiki tatu tulisikiliza. Mtumbwi ulikuwa unapita, tunaona kivuli chake kwenye ukungu, lakini haugongi. Tukasema, si yeye, huenda ni hao hao wanaotutafuta. Tukalala chini."

"Na Ishimwe?" aliuliza Domisiana, maana alimjua mwana wa mzee huyo tangu akiwa mdogo anayetoa maji mtumbwini kwa kopo.

Hakizimana akatazama maji. "Alichoka kusubiri. Juzi alimchukua mkewe wakashuka na mto kwa miguu, watafute pengine pa kuvukia. Tangu hapo hatujasikia."

Hakumlaumu mtu. Ingekuwa afadhali angelaumu. Domisiana alisimama na ile habari kifuani, akijua vizuri ni nani aliyenyamaza wiki tatu, na kwamba si Derick peke yake.

Derick alikuwa amechuchumaa kando ya mtumbwi. Alichomoa kisu, akakata kitenge kwenye kafi, akakikunja na kumpa Nkeshimana amfunike mjukuu. Kisha akasimama mbele ya mama mkwe wake, akainua macho, akamtazama usoni. Naye Domisiana hakugeuka.

"Mama," alisema, "nigonge mara ngapi?"

"Mbili," alisema Domisiana. "Kisha unyamaze, usikilize. Kisha mbili tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Ishimwe ajibu."