Bei ya Mpini Mwekundu

Nakumbuka siku moja pale Kigongo vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku niliyofunga ndoa, na nakuomba, mjukuu wangu, neno hili lisimfikie bibi yako, maana bado nakula mkononi mwake. Uliponiuliza juzi ununue kipi kati ya visu viwili ulivyoviona Buzuruga, vinavyofanana kila kitu isipokuwa bei, nilinyamaza, nawe ukadhani sikusikia. Nilisikia. Ila swali hilo niliwahi kuulizwa zamani nikalijibu vibaya, na tangu hapo silijibu haraka.

Zilikuwa enzi za ruksa. Nyinyi mliozaliwa mkakuta maduka yamejaa hamwezi kujua. Sisi tulikua wakati wa foleni: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na kisu cha nyumbani kilinolewa miaka mingi mpaka kikabaki chembamba kama jani la muhindi. Kisha biashara ikafunguliwa, na vitu vikamiminika: ndoo za plastiki, redio, kandambili, mitumba, saa zisizotembea. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimeacha kulima pamba kwa baba yangu huko Misungwi kwa sababu nilitaka watu waniite mfanyabiashara. Walichoniita ni machinga, lakini sikujali.

Nilinunua katoni ya visu kwa muuzaji wa jumla mjini Mwanza. Vilikuwa visu vya kawaida, vya kushika mkononi, visivyokunjwa, bapa la kila kimoja likiwa na urefu wa shubiri moja. Vyote vilipigwa mhuri mmoja. Tofauti ilikuwa mpini tu: nusu vilikuwa na mipini ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi, na nusu nyekundu. Nadhani huko kiwandani rangi nyeusi iliwaishia.

Nilitandika turubai langu Kigongo, pale magari yalipokuwa yanapanga mstari kungoja kivuko cha kwenda Busisi. Siku hizi mnavuka juu ya daraja, hata hamjamaliza hadithi mmefika ng'ambo. Wakati ule watu walingoja saa moja, saa mbili, wakati mwingine zaidi, na mtu anayengoja hununua hata asichokihitaji. Lakini visu vyangu havikutoka. Watu walishika chekundu, wakashika cheusi, wakaniuliza tofauti yake. Nikiwaambia hakuna, wanavirudisha chini na kuondoka. Hili nililijifunza mapema: mteja hapendi kuambiwa hakuna tofauti. Anaona kama umemnyima siri.

Basi siku moja ulimi ukateleza. Nikasema, "Chekundu hiki ni chuma cha Mjerumani." Cheusi nikakiacha mia sita, chekundu nikakipandisha hadi elfu moja. Mwanangu, vyekundu vilitoka kama maandazi! Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nikagundua kuwa hata cha kawaida kinajiuza, mradi ukibunie ukoo.

Wala sikuona haya. Wateja wangu walikuwa watu wa kupita. Wakishapanda kivuko wanakwenda zao Sengerema, wanakwenda zao Geita, na maji yanabaki katikati yangu na wao. Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa chekechea angelijua, kwamba kivuko kinachopeleka watu ndicho kinachowarudisha.

Ndipo akaja Mama Kabula. Alikuwa mama wa makamo aliyekaribia uzee, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, anatoka Mwanza anarudi kwake ng'ambo ya Busisi. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," akafurahi kuona kijana wa kisasa hajatupa Kisukuma. Akachuchumaa mbele ya turubai. Mume wake, Mzee Malimi, alikuwa mchongaji wa mipini ya majembe na miiko, na kisu chake cha kulainishia mbao kilikuwa kimezama ziwani akiwa kwenye mtumbwi. Tangu siku hiyo mzee alikuwa anakaa tu, anaiangalia mikono yake. Mama alikuwa amemwahidi kisu kizuri.

Akashika cheusi mkono huu, chekundu mkono huu. Akavipima, akavinusa hata, kisha akaniangalia machoni.

"Mwanangu, mimi sijui mambo ya vyuma," akasema. "Naona vinafanana. Ungekuwa unamnunulia baba yako mzazi, ungechukua kipi?"

Nilikuwa na nafasi, mwanangu. Hakuna aliyenikaba koo. Nikasema, "Mama, kwa baba yangu ningechukua chekundu."

Akafungua fundo la kanga, akahesabu, akasita, akahesabu tena. Kisha akatoa elfu moja, akaniombea baraka, akaenda kupanda kivuko. Nami nikageukia mteja mwingine.

Zikapita wiki tatu. Asubuhi moja kivuko kilitia nanga, watu wakashuka, nikasikia sauti ile kubwa kabla sijamwona mwenyewe. "Yule pale! Ndiye huyo!" Nikashika pembe ya turubai nikimbie. Lakini Mama Kabula alikuja anacheka, amejitwika kapu kichwani, na nyuma yake anatembea mzee mrefu, mtaratibu, mwenye vidole vilivyokomaa kwa kazi. Walikuwa wanakwenda Misungwi kumwona binti yao Kabula, aliyekuwa amejifungua. Mama akashusha kapu, akatoa furushi la michembe, vile viazi vitamu vyetu vilivyokatwa na kuanikwa, akaniwekea mapajani.

"Hii ni asante yako," akasema. Kisha akawageukia watu waliokuwa kwenye foleni na kupaza sauti. "Jamani, mnaona kijana huyu? Huyu ndiye mkweli wa Kigongo! Alinichagulia kisu kama anamchagulia baba yake. Mume wangu amerudi kazini. Mimi siku ile niliongezea bei kwa nauli yangu ya gari, nikatoka Busisi mpaka nyumbani kwa miguu, saa tatu juani na mzigo kichwani, wala sijuti! Nunueni vyekundu, msihangaike na vyeusi."

Nikabaki nimeinamia michembe. Sikujua kama alitembea. Wakati ule wote nilikuwa nikihesabu mia nne ile kuwa faida, kumbe ilikuwa miguu ya mtu.

Na watu wakaja, mwanangu. Utingo wa lori la pamba akarusha noti ya elfu, akanyakua chekundu, akakimbilia lori lake lililokuwa linaingia kivukoni. Nilijua ni uongo, lakini mkono ulipokea. Baada yake akaja dada mmoja mwenye mtoto mgongoni. Huyo hakuwa na haraka. Akashika kimoja huku na kimoja huku, kama alivyofanya Mama Kabula, akamgeukia Mzee Malimi.

"Baba, shikamoo. Wewe ni fundi. Kipi bora?"

"Marahaba, binti yangu." Mzee akavipokea. Akagonga bapa la cheusi kwa ukucha, akatega sikio. Akagonga la chekundu, akatega sikio. Akatazama mahali chuma kinapoingia kwenye mpini. Kisha akaninyooshea vyote viwili, mipini ikiwa upande wangu na makali upande wake, akaniangalia bila hasira yoyote.

"Mimi sina la kusema," akasema. "Muulize huyu. Ndiye aliyemchagulia mke wangu."

Nikajua kwamba amejua. Nikajua pia kwamba hatasema. Mkewe amesimama pale, kidevu juu, anajivunia kisu chake, na mzee angeweza kuumeza uongo wangu maisha yake yote ili kidevu kile kisishuke. Dada anangoja. Nyuma yake mikono mitatu minne imeshika noti. Ningeweza kuuza vyekundu vyote vilivyobaki kwa neno la mama yule mwaminifu, na uongo wangu sasa ungetembea kwa jina lake, si langu.

Nikasema, "Ni kitu kimoja."

"Kimoja vipi?" Mama Kabula akauliza.

"Vimetoka katoni moja, mama. Hakuna Mjerumani. Ni rangi tu. Bei zote mbili nilizipanga mimi."

Sitakudanganya kwamba nilijisikia shujaa. Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu mmoja akaguna, kisha watu wakaangua kicheko. Mama Kabula hakucheka. Akaangalia miguu yake, akainua uso.

"Kwa hiyo miguu yangu imenunua rangi?"

Nikaingiza mkono mfukoni nimrudishie mia nne yake. Akaupiga kofi mkono wangu, pa! Hakutaka mia nne. Akaniambia kesho kutwa wakirudi kutoka Misungwi nivuke nao, na nitembee naye kutoka Busisi mpaka kwake, kapu nikibeba mimi, ili nione kitu nilichokuwa nikiuza. Kisha akachukua furushi la michembe, akaligawa nusu kwa nusu, nusu akairudisha kapuni. "Hii nyingine kula," akasema, "kwa kuwa umesema kabla sijafika kwa binti yangu kumsimulia."

Nilikwenda. Wenzangu walinicheka wiki nzima, lakini nilikwenda. Mzee Malimi alitangulia kwa gari kwa sababu ya goti lake, nasi wawili tukashika barabara. Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakutembea nami siku ile. Lile kapu lilikuwa na unga, chumvi, na mawe ninavyoamini mimi mpaka leo. Vumbi la kila lori lilitufunika. Saa ya kwanza mama alitangulia tu, mimi nikimfuata. Saa ya pili akaanza kunionyesha: hapa ndipo nilipopumzika, hapa ndipo kandambili ilipokatika, hapa nilijiambia si kitu, mume wangu atafurahi. Kila alipotaja mahali nilitamani anitukane, ningepata nafuu. Hakunitukana. Alikuwa akisimulia tu.

Tulipofika, Mzee Malimi alikuwa amekaa mlangoni anachonga mwiko kwa kisu kile chekundu. Maganda ya mbao yalikuwa yamejaa miguuni pake. Alikuwa na furaha, mwanangu, furaha ya mtu aliyerudishiwa mikono. Akanisogezea kigoda.

"Kisu ni kizuri," akaniambia. "Na kile cheusi nacho ni kizuri. Hukuwa na haja ya kusema uongo, bidhaa yako ilitosha. Lakini mke wangu alipokwambia hajui, hakuwa ananunua tena. Alikuwa amekukabidhi uamuzi wake. Alishika makali, wewe ukashika mpini. Mtu anayekuambia 'sijui' amekuwekea amana, na amana hailiwi."

Tukala ugali na sato. Wakati wa kuondoka Mama Kabula akanitia nauli kiganjani, ya kurudi Busisi, akanifumba vidole. Nikakataa, akanikaripia kwamba miguu ya kuja imetosha. Nikapanda gari, nikakaa dirishani, nikalia waziwazi mpaka kondakta akaona aibu kunidai.

Vile visu vilivyobaki niliviuza vyote mia sita kila kimoja. Vilitoka polepole, lakini vilitoka, na yule dada mwenye mtoto alirudi mara nyingi akileta wenzake. Duka hili unaloliona hapa Usagara lilianzia hapo. Wapo wachache niliowarudishia tofauti yao, niliowakumbuka sura. Yule utingo wa lori la pamba sikumwona tena. Nilimtafuta kivukoni msimu mzima. Deni la huyo ninalo moyoni mpaka leo, na sidhani kama ni vibaya mtu kubaki na deni moja.

Sasa nikujibu swali lako. Ukiwa na visu viwili vinavyofanana na bei tofauti, usiogope cha bei ndogo wala usikidharau, na usikiheshimu cha bei kubwa kabla hakijakuonyesha sababu. Vigonge usikie mlio. Tazama chuma kimeingia mpini kwa kina gani na kimeshikwa na nini. Muulize muuzaji kwa nini hiki kinazidi, kisha usimwangalie mdomo, mwangalie anakoangalia. Kama huoni sababu, chukua cha bei nafuu, na pesa inayobaki nunua jiwe la kunolea. Wala usichague mpaka jua lizame. Mchagua jembe si mkulima.

Hilo ni la mnunuzi. La pili ni kubwa zaidi, kwa sababu siku moja wewe ndiwe utakayeulizwa. Labda utakuwa fundi, labda daktari, labda karani mezani, na mtu atakuja na kukuambia, mwanangu, mimi sijui, nichagulie. Usimjibu upesi. Kabla hujataja bei, tembea naye kwa mawazo mpaka kwake, uone kama miguu yako ingekubali.

Mungu akupe mkono usiopunja na ulimi usioona haya kusema "ni kitu kimoja." Akupe wateja wenye sauti kubwa. Na popote utakapouza, akujalie uweze kurudi, ukaribishwe kigoda, ule ushibe.