Kumrudisha Mama Shimoni

Mama yangu hajui kusoma, lakini kijijini kwetu Mpitimbi hakuna mwanamke wa rika lake aliyeujua msitu wa hifadhi kumpita yeye. Alijua masuku, matunda ya mwituni, yanaanza kuiva upande gani, na zaidi ya yote alijua chikande, viazi vidogo vya mwituni vinavyokaa chini ya maua ya mabonde ya nyasi, katikati ya msitu. Tulivichimba wakati wa mvua, tukavitwanga, tukavipika na magadi na unga wa karanga mpaka vikashikana, tukavila kwa vipande.

Kila shina lina viazi viwili, kimoja kigumu na kingine kimenyauka. Sheria ya mama ilikuwa moja. Kigumu unatia kapuni. Kilichonyauka unakirudisha shimoni na kukifukia kwa mkono, si kwa jembe, kwa sababu huyo ndiye mama, na mwakani atazaa tena. Ukimtupa unachapwa. Mimi nilichapwa. Aliwafundisha hivyo wanawake wa kijiji kizima, na hata wanunuzi walipokuja na malori wakitaka magunia kwa magunia, alisimama njiani akimuuliza kila anayetoka bondeni kama amemrudisha mama. Kibao cha hifadhi kinakataza kuchimba, lakini kibao hakina miguu. Mama alikuwa nayo.

Maua yakapungua hata hivyo. Mama alisema ni mvua, kisha akasema ni moto, kisha ni watu wa vijiji vingine wasio na adabu. Siku hizi magoti yamegoma, hapandi tena mlima. Kila nikija kumsalimia kutoka mjini, kabla sijaweka mfuko chini, ananiuliza kama bonde limerudi. Hataki sukari wala kitenge. Anataka kusikia kwamba alilitunza.

Mwaka huu alikuja shuleni kwetu mtaalamu wa mimea, binti mdogo tu, ana kibali cha kuingia hifadhini na anatafuta mtu anayelijua bonde lile. Nikajitia kimbelembele. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, tena mwenyeji, nani mwingine? Tulitembea asubuhi nzima kwenye nyasi za kufika kiunoni. Nyani walitubwekea. Hondohondo, ambao utotoni walinikera kwa kelele, sikumsikia hata mmoja. Mchana tukaliona ua moja, la njano, nyuma ya kichuguu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Yule binti alifukua udongo taratibu kwa vidole bila kuling'oa shina. Nikamwonyesha kile kilichonyauka, nikamweleza kwamba huyo ndiye mama, huwa tunamrudisha.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Hiki ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Kimeshamaliza kazi. Kile kigumu ndicho mmea wa mwakani."

Nikamuuliza kama kilichonyauka kikifukiwa vizuri hakiwezi kuchipua. Akasema kitaoza tu. Kisha akafunika shimo.

Nilishuka mlima nina hasira, na mimi sina kifua. Nilimwambia mama siku ileile, nimesimama mlangoni na matope yangu, kwa sauti ninayotumia darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wote niliowarudisha?" aliuliza.

"Wote, mama."

"Na wale niliowafundisha?"

"Na wao."

Ningekuwa na akili ningemwambia bonde limejaa maua, akabaki na furaha yake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Siku ile hakugusa chakula.

Kesho yake wanawake walipokuwa wanapanda mlima na majembe, aliniambia nimpeleke njiani, akaketi kwenye kigoda na kuwasimamisha. Aliwaambia kwamba aliwapotosha, kwamba mama waliokuwa wakiwarudisha walikuwa wamekwisha, kwamba vilivyobaki waviache. Walimsikiliza wamechuchumaa, kwa heshima zote. Walipoinuka, mmoja ambaye mama alimfundisha tangu utotoni alinivuta pembeni.

"Mwalimu, bibi ameanza kuchanganyikiwa," alininong'oneza. "Mpeleke hospitali wamtazame."

Wakaenda zao. Nilimsihi mama turudi nyumbani, akakataa. Alasiri wakashuka, viazi havikujaza hata kiganja, vyote kwenye kapu moja. Yule mwanamke aliinama, akaushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili.

"Usiwe na wasiwasi, bibi," alisema. "Mama wote tumewarudisha. Tumewafukia kwa mkono, kama ulivyotufundisha."

Mama alimshukuru. Kisha akaniomba nimsaidie kuinuka.