Chupa Isiyokauka ya Wodi ya Upasuaji

Mama mkubwa wangu aliuguza watu miaka ishirini na sita katika wodi ya upasuaji, na kwa miaka yote hiyo chupa ya dawa ya kuua vijidudu kwenye toroli lake la kufungia vidonda haikuwahi kukauka. Wodi nyingine zilikaukiwa. Ikifika tarehe ishirini ya mwezi, wauguzi wenzake walimjia na vikombe kama watu walioishiwa chumvi, naye akawamiminia huku akiwaambia kwamba nyumba yenye mama haikosi kitu.

Siri yake haikuwa siri. Chupa ikifika nusu, aliiongezea dawa kidogo ya stoo na maji yaliyochemshwa. Stoo ilitoa chupa nne kwa mwezi kwa wodi iliyohitaji kumi, na mtunza stoo alikuwa na jibu moja kwa kila ombi: "Mbona wewe zinakutosha?" Hivyo ndivyo taasisi zetu zinavyowashukuru wanaojituma: bidii yao inageuzwa ushahidi kwamba hawana shida.

Wenzake walimwita Povu. Aliosha mikono hadi viwikoni, aliosha vitasa vya milango, aliosha bomba lenyewe la kuoshea. Baba mkubwa, mumewe, alisema kwamba kila akirudi nyumbani hukaguliwa kama mzigo mpakani.

Mwaka mmoja kitanda cha tisa alilazwa mwashi. Rundo la matofali lilimwangukia mguuni, akapasuliwa, akashonwa, akaambiwa atarudi kwake siku ya tano. Siku ya ishirini alikuwa bado yupo, na kidonda kinatoa usaha. Daktari alijaribu antibiotiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kidonda kilizipokea zote kama mgeni anavyopokea chai. Wagonjwa wengine wanne wakaingia njia hiyohiyo. Ikabaki dawa moja ya zamani, kali kwa figo, ambayo kwa vipimo vya maabara ilipaswa kuwaua bakteria wa vidonda hivyo. Mwashi akachomwa sindano zake wiki nzima. Usaha haukupungua.

Jumatatu daktari alisema, mwashi akisikia, kwamba hali ikibaki hivi hadi Ijumaa, mguu utakatwa chini ya goti.

"Sista," mwashi alimwambia mama mkubwa daktari alipoondoka, "mwashi wa mguu mmoja anajenga nini? Kibaraza?"

"Nyamaza. Kuanzia leo nakuosha mara mbili kwa siku."

Akamwosha mara mbili kwa siku.

Jumanne akapanda wodini fundi wa maabara, mtu mwembamba aliyejulikana kama Bwana Sahani kwa sababu hakuonekana popote bila visahani vyake vya kuoteshea bakteria. Alitumwa kutafuta mahali bakteria wale walipojificha, maana watano wale walikuwa na bakteria wa aina moja, wenye usugu uleule. Kwa vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli alipangusa vitanda, mapazia, koki, stuli ya daktari. Mama mkubwa alimfuata nyuma akipangusa alipopangusa.

"Dada, niachie hata kitu kimoja kichafu," Bwana Sahani akasema.

"Ukitaka kichafu rudi maabara kwenu."

Alipofungua kisanduku chake juu ya toroli, mama mkubwa hakuvumilia. Alilowesha pamba kwenye chupa yake akaanza kufuta kingo za kisanduku. Tone likadondokea kisahani kilichokuwa wazi, ambacho hakikuwa kimeguswa na kitu.

"Umekiharibu," Bwana Sahani akasema.

"Nimekisafisha."

Mtu mwingine angekitupa. Lakini Bwana Sahani alikuwa na ada yake: kisahani kilichopanda wodini hakitupwi kabla ya kuandikwa. Akaandika "tone la dawa, hakutaota kitu", akakiweka kwenye joto pamoja na vingine.

Alhamisi asubuhi alirudi akakaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Vitanda vilikuwa safi. Mapazia yalikuwa safi. Kisahani chenye tone kilikuwa kimejaa madoa ya waridi, ya bakteria walewale wa vidonda.

"Nimekuletea wewe kwanza," alisema. "Daktari hajaona."

"Chupa ni dawa," mama mkubwa akasema. "Mdudu anaishije ndani ya dawa?"

"Ikiwa kali, haishi. Ikiwa na maji, inaua wanyonge tu. Kuna wachache waliozaliwa na jeni iliyowapa pampu yenye nguvu: dawa ikiingia mwilini mwao, wanaisukuma nje. Ukiwaulia majirani, wanabaki na nyumba nzima."

"Hiyo ni dawa ya chupa. Na antibiotiki?"

"Pampu haichagui. Na bakteria wakikutana wanapeana vipande vya jeni, vijiduara vidogo, kama jirani anavyomnakilia jirani maelezo ya mapishi. Miaka mingi wanakutana humo chupani, dada. Haikuwahi kumwagwa wala kuoshwa."

"Na ile dawa ya zamani?"

"Inafanya kazi. Inawaua usiku kucha. Asubuhi unawarudisha."

Mama mkubwa akasema, "Na tangu Jumatatu, mara mbili."

"Mara mbili."

Mama mkubwa akachukua karatasi ya majibu mkononi mwa Bwana Sahani, akaenda nayo mwenyewe kwa daktari. Daktari aliisoma, akaahirisha kukata kwa wiki moja, akamshauri asimwambie mgonjwa chochote. Ripoti ya hospitali ilikuja kusema "uzembe wa muuguzi". Stoo haikutajwa. Ningekuwa na uwezo ningeibandika mlangoni mwa stoo hiyo.

Mama mkubwa alitoka kwa daktari akaenda moja kwa moja kitanda cha tisa.

"Mguu wako mimi ndiye niliyekuwa nauzuia kupona," alisema. "Dawa niliyokuoshea ilikuwa na bakteria. Niliiongezea maji ili itoshe."

Mwashi akautazama mguu wake.

"Kwa hiyo kila siku ulikuwa unanipiga lipu ya uchafu."

"Ndiyo."

"Na unajua kupiga vizuri. Hukuacha pembe."

"Sikuacha."

"Saruji pia ukiizidishia maji inakaa sura nzuri," mwashi akasema. "Nyumba inaanguka baadaye." Akavuta shuka. "Sista, sina ugomvi na wewe. Ila kesho aje mwingine."

"Atakuja."

Mama mkubwa akaitoa chupa kwenye toroli. Kwa siku nane kidonda kilioshwa na muuguzi mwingine, kwa dawa iliyofunguliwa upya kila asubuhi na kumwagwa jioni. Ilipokwisha kabla ya mwezi kwisha, mama mkubwa alishuka stoo akasimama mlangoni mpaka wakampa. Siku ya tatu usaha ulipungua, kwake na kwa wale wanne. Siku ya nane daktari alifuta jina la mwashi kwenye orodha ya upasuaji. Alitoka kwa miguu miwili, mmoja ukichechemea, akaaga wodi nzima kitanda kwa kitanda. Mama mkubwa alimpa mkono. Mwashi aliutazama kwanza, akaupokea.