Bi Shaikha, mwenye moyo upande wa kulia

Saa mbili asubuhi, katika chuo kimoja cha uuguzi Maskati, Shaikha Harub amelala kitandani, macho kayafumba. Kushoto na kulia kwake masanamu ya kufundishia yanapumua kwa umeme, vifua vikipanda na kushuka. Kwenye safu ile, mwenye damu ni yeye peke yake.

Mwanafunzi wa leo, Mazoon, anaanza kama alivyofunzwa. Anatazama, anapapasa, anagongagonga kwa vidole, kisha anaweka stetoskopu kushoto mwa kifua. Anasikiliza. Anaisogeza kidogo. Uso unamparama.

"Bibi, unanisikia?" ananong'ona.

Bi Shaikha hajibu, maana kazi yake ni kulala kama mgonjwa wa kufanyiwa mazoezi, na kunyamaza. Msichana anajikaza kisabuni na kuandika kwamba moyo ni wa kawaida. Hilo ndilo kosa la kila darasa: mtu huandika alichotarajia kusikia.

"Wanausikia mbali mbali, kama mtu anapiga hodi nyumba ya jirani," anasema Bi Shaikha baadaye, akijitanda mtandio. "Wengine husoma Ayatul Kursiy. Mie nnajizuia nsicheke."

Moyo wake uko kulia. Ini liko kushoto, na kidole tumbo nacho kushoto. Kazaliwa hivyo, na mzima wa afya. Lakini kwao Unguja bibi yake alisema kageuzwa na shetani tumboni mwa mama, na nyumba nzima ikafunga mdomo asije akakosa mchumba.

Kimya kile kiliua. Dada yake, Balqees, alikuwa vivyo hivyo. Siku moja tumbo likamshika upande wa kushoto. Hospitalini wakabonyeza kulia, wasione kitu, wakampa vidonge arudi nyumbani. Mama yao alikuwa mle chumbani. Alijua, na hakusema neno. Kidole tumbo kikapasuka, Balqees akafa.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," anasema Bi Shaikha. "Ndo maana nnalala pale. Nataka mikono yao izoee kutafuta na upande wa pili."

Balqees aliacha binti, Ghadeer, ambaye Bi Shaikha kamlea nyumbani kwake Al Amerat. Anaolewa karibuni, na kupimwa hataki hata kusikia. Akiambiwa, hucheka na kutoka chumbani, na kicheko chenyewe hakina furaha.

Bi Shaikha kesha kumwekea miadi ya eksirei kabla ya harusi. Anaulizwa: na kama binti hana tatizo lolote, si atakuwa amemtisha bure?

Masanamu yanaendelea kupumua.

"Mtu yeyote nikimkumbatia, moyo wake hudunda huku kulia, juu ya wangu," anasema, sauti imeshuka. "Juzi Ghadeer kanikumbatia, kaning'ang'ania. Nkausikia unadunda huku kushoto, pasipo na kitu, kama ulivyokuwa wa marehemu mamake. Naye kausikia wangu, mana'ke kaniachia ghafla. Hatujasemezana tena. Jumapili nnampeleka, atake asitake."