Ingata Isiyosokotwa

Swali lililoninyima usingizi siku nne lilikuwa fupi: niwaambie wale maprofesa kwamba nimekosea, au ninyamaze nikiomba wasione?

Nilikuwa nimemaliza shahada ya fizikia na kurudi nyumbani Cyangugu, mji wa Rwanda ulio kando ya ziwa, nikimsaidia mama biashara yake ya nyanya. Mama alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, na ingawa tulihamia upande huu nikiwa mdogo, kila asubuhi bado huvuka daraja kwenda kuuza kule. Kazi yangu ilikuwa kupanga nyanya kwenye mabeseni na kuwaza. Kuwaza ndiko nilikokuwa hodari zaidi. Mtu akinijibu "sawa" kwenye simu, naweza kujiuliza nusu siku kama amekasirika.

Katikati ya mawazo hayo niliomba nafasi ya masomo ya juu Ulaya, kwenye chuo kinachotafiti namna ya kufungia plazma ndani ya uga wa sumaku, yaani eneo linalofikiwa na nguvu ya sumaku. Plazma ni gesi iliyopashwa moto hadi chembe zake zikaachana, na hiyo wanayoitaka wao ina joto ambalo hakuna chungu kinachoweza kulihimili. Bahati nzuri chembe hizo zina chaji ya umeme, na chembe yenye chaji hujizungusha kwenye mstari wa sumaku kama mharagwe kwenye mti wake. Ukifaulu kuishika hivyo bila kuigusa, kwa muda wa kutosha, viini vyake huungana na kutoa nishati, kama vinavyofanya ndani ya jua.

Waombaji tulitakiwa kuandika kurasa mbili, kumweleza mtu asiyesoma fizikia jinsi plazma inavyoshikwa. Nikaona hapo ndipo pangu. Niliandika juu ya ingata, ile pete ya majani makavu ya mgomba ambayo wanawake wetu huiweka kichwani chini ya mzigo. Bomba la sumaku lililonyooka, nikasema, huvuja kwenye ncha zake. Basi likunje, unganisha ncha na ncha, upate pete kama ingata, na plazma itazunguka humo bila pa kutokea. Niliyarekebisha maandishi hayo mara kumi na moja. Mara ya tisa nilifuta aya moja niliyoona inaharibu mtiririko.

Wakajibu kwamba nimo kwenye orodha fupi, na kwamba Alhamisi tutazungumza kwa video. Kabla ya saa sita mchana, wateja wote wa mama kule Bukavu walishajua kwamba mtoto wake anaenda Ulaya kufungia jua ndani ya ingata.

Jumamosi nikapata wazo la kuonyesha ingata yenyewe kwenye kamera. Kuazima niliona kama udanganyifu, kwa hiyo niliamua kuitengeneza mwenyewe, mimi ambaye sijawahi kubeba hata kikapu kichwani. Nilikunja majani duara, nikafunga ncha, kama nilivyoandika. Ilipendeza. Ili kuijaribu niliiweka juu ya ukuta mfupi mbele ya nyumba, kisha nikapandisha beseni la nyanya juu yake.

Lilikaa kwa muda wa pumzi mbili. Kisha majani yakaanza kutanuka kwenda nje, taratibu, kwa adabu kabisa. Pete ikawa pana, ikawa bapa, beseni likainama, na nyanya zikashika njia ya kuteremka ziwani.

Jirani yetu mmoja, mama anayebebea watu mizigo hadi mpakani, alikuwa anapita. Alizuia nyanya mbili tatu kwa mguu, akaokota ingata yangu na kuigeuzageuza. Alicheka hadi akakaa chini.

"Profesa, hii ni ingata ao ni kitanda ya kuku?" akaniuliza. "Haukuisokota. Majani inalala tu. Ni nini itaishika?"

Akaifungua, akaanza kusokota majani huku akiyazungusha duara, kila jani likipita juu, likizama kwenye tundu la katikati, likiibuka tena upande wa nje. Tuliporudisha beseni juu yake, halikutikisika.

Badala ya kumshukuru, nilikimbilia ndani kuyasoma tena maandishi yangu. Aya niliyoifuta mara ya tisa ilikuwa aya ya msokoto.

Katika pete, koili za sumaku, zile nyaya za umeme zinazozungushiwa bomba, husongamana upande wa tundu na kuachana upande wa nje, kwa hiyo uga huwa na nguvu zaidi ndani kuliko nje. Hapo chembe chanya husogea kidogokidogo juu, hasi zikielekea chini, na umeme unaozaliwa kati yao husukuma plazma yote nje hadi ukutani. Dawa ni kuisokota mistari ya sumaku, ili kila chembe ipite juu, ipite na chini, na msogeo mmoja ufute mwingine. Sababu ya plazma si sababu ya majani hata kidogo, lakini pete yangu ilikuwa imeharibika kote kuwili, ukutani na kwenye karatasi.

Ndipo siku nne zikaanza. Labda hawakuona. Labda waliona, na wameniita wanicheke. Labda nikisema nitaonekana mkweli, au mzembe, au mzembe anayejisifu kwa ukweli. Jumatano nilimwambia mama.

"Ni nani alikuuliza?" akasema. "Mimi nikifika mu soko, naanza kuonyesha batu tomati yenye kupondeka?"

Nikamkumbusha kwamba zile zilizopondeka Jumamosi alizitenga fungu lake, akawaambia wateja ni za mchuzi tu.

"Ile ni ingine. Bale bako na macho, banaona."

"Na maprofesa nabo, maman, bako na macho."

Akanitazama, akatazama sufuria jikoni, ambamo nilikuwa nimeweka maharagwe motoni na kusahau maji.

"Basi uandike," akasema. "Lakini leo, mbele ya kuchoma nyumba."

Nilitoka nje na simu. Niliwaza kwamba wakinipa nafasi kwa sababu ya ile pete mbovu, nitaishi miaka miwili kwenye maabara yao nikisubiri siku mtu atakapoifungua faili yangu. Hilo sikuliweza. Nikaandika kwamba uga wa pete peke yake haushiki plazma, kwamba unahitaji msokoto, kwamba aya hiyo niliifuta mwenyewe kwa kupenda mtiririko, na kwamba wakitaka kunitoa kwenye orodha nitaelewa. Nikatia salamu. Nikabonyeza kutuma, jua likiwa bado juu ya ziwa, siku moja kabla ya mahojiano.