Pengo Kwenye Ua wa Michongoma

Siku hizi mtu akitaka ua anapiga simu, matofali yanashushwa, basi. Ukuta wa matofali mimi sina la kuuambia. Lakini nikiona michongoma iliyotunzwa vibaya, imenenepa juu na chini iko wazi kiasi cha kupitisha kuku na vifaranga vyake, nasimama mbele ya nyumba ya watu nisiowajua na kuanza kufoka. Wanangu wamezoea. Wananishika mkono na tunaendelea na safari.

Mambo ya ua niliyajua nikiwa mtoto, kwenye miteremko ya juu ya Mbeya, miaka ya hamsini, Uhuru ukiwa bado. Nyumba ya babu, mzazi wa baba yangu, ilikuwa juu. Yetu ilikuwa chini yake, hatua kama sitini. Katikati kulikuwa na bustani ya mama yenye kabichi, maharage, viazi na migomba michache pembeni. Njia ya babu ya kwenda kwenye kahawa yake ilipita ubavuni mwa bustani hiyo, na taabu yote ilianzia hapo.

Sisi ni Wanyakyusa, na kwetu wakati ule mwanamke hakumwona baba mkwe wake. Sisemi kwamba hakumtazama sana. Hakumwona kabisa. Hakukaa naye, hakula naye, hakusema naye, hata jina lake hakulitamka. Wakikutana njiani kwa bahati mbaya, mwanamke alijifunika uso kwa nguo, akaingia majanini na kuchutama mpaka mzee apite, na mzee naye akageuza macho. Ilikuwa heshima, na ilikuwa hofu pia, maana ilisemwa kwamba mwanamke akivunja mwiko huo atakayeumwa ni mtoto wake mchanga. Babu alikuwa mzee wa kanisa na nyimbo zote aliziimba bila kitabu, lakini kwa jambo hilo hakulegeza hata kidogo.

Sasa fikiria mwanamke huyo analima. Baba yangu alikuwa karani wa ghala huko Iringa, anakuja mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kazi yote ya bustani ilikuwa ya mama. Anainamia kabichi zake, anasikia kikohozi cha babu kutoka juu, kile cha makusudi, cha kupiga hodi. Jembe chini, mama mbio, nyuma ya migomba. Babu anapita, mama anarudi. Kidogo tu, babu amesahau panga lake, anapanda tena kulifuata. Kikohozi. Mama mbio. Nilikuwa na miaka sita, na nilicheka mpaka nikapigwa kofi. Mbuzi wa jirani nao waliuelewa mchezo upesi, mama akikimbia tu wao wanaingia kwenye kabichi.

Ndipo babu akaamua kupanda ua, wa kuwazuia mbuzi na wa kumsitiri mke wa mwanawe.

Kwanza alichomeka matawi makavu ya miiba, yakaoza msimu wa mvua wa kwanza tu. Mkonge aliukataa mwenyewe kwa sababu ncha yake inakuwa usawa wa jicho la mtoto. Baba aliporudi likizo alileta mbegu za michongoma zimefungwa kwenye leso, pamoja na tawi moja refu la kuonyesha. Alikuwa ameiona kwenye bustani za Wazungu mjini Iringa, imekatwa sawasawa kama mkate. Babu hakutaka kuamini maneno ya karani. Alilifunga lile tawi kwenye nguzo, akamfunga na beberu wake hapo hapo, kutwa nzima bila jani. Jioni tulimkuta beberu ana damu mdomoni na amekula nusu ya kamba yake, tawi hajaligusa tena.

"Huu ndio mti," babu akasema.

Shida ya michongoma ni kwamba haina haraka. Inataka miaka mitatu kufumbana. Kwa hiyo babu aliipanda kwa mistari miwili, shubiri moja moja, kisha upande wake akachomeka safu ya minyaa ya kushikilia mambo kwa muda. Mnyaa hauna mwiba hata mmoja. Una utomvu mweupe kama maziwa, mbuzi anaujua na haugusi, na ukichomeka kijiti leo, baada ya wiki chache kimeshika. Mpango ulikuwa wazi: michongoma ikishafumbana, minyaa itolewe.

Miaka mitatu hiyo mimi ndiye niliyekuwa barua. Baba alikuwa ameeleza kwamba michongoma ikifika magotini ikatwe, ili itoe matawi ya chini. Babu alikasirika. Kitu kinaota vizuri, mtu mwenye akili timamu anakikataje? Mama akasubiri babu aende kwenye kahawa, akaikata ya upande wake.

"Mwambie mama yako aache kuunyoa ua wangu."

Naenda chini.

"Mwambie babu yako pale chini panapita kuku."

Napanda juu. Mwaka wa pili upande wa mama ulikuwa umejaa tangu ardhini, wa babu umerefuka miguu mitupu. Asubuhi moja tuliamka tukakuta wa babu nao umekatwa magotini. Mama alifagia jikoni huku anaimba. Wawili hao walikuwa hawajawahi kutazamana, lakini nadhani hakuna watu waliokuwa wakijuana kama wao.

Mwaka wa tatu, nikiwa na miaka tisa, mvua zilikuwa zimeanza na baba alikuwa anakuja Krismasi. Babu akataka aukute ua safi, wa michongoma mitupu. Kila mtu kwetu alijua kwamba mnyaa haukatwi wakati wa mvua, umejaa utomvu mpaka unaruka. Babu alijua kuliko wote. Alichukua panga akaanza kukata, hata kitambaa usoni hakufunga.

Wanawake wa jirani walikuwa wamekwenda sokoni Mbeya. Mama alibaki kwa sababu mdogo wangu, wa miezi minne, alikuwa na mafua. Mimi nilikuwa juu kwa bibi, namenya viazi, niliposikia sauti ambayo sikuitambua. Nilidhani ni mnyama. Nilipotoka nikamwona babu amepiga magoti kati ya matawi aliyoyakata, viganja usoni, analia kwa nguvu kama mtoto. Sikujua kwamba babu anaweza kulia.

Utomvu wa mnyaa unapofusha. Dawa tuliyoijua ilikuwa moja, maziwa ya mama anayenyonyesha, tena upesi. Bibi alipiga kelele, "Kimbia kwa mama yako! Akukamulie kwenye kikombe!"

Nilizunguka kwenye kilango cha mwisho wa ua, nikamkuta mama amesimama tayari na kikombe cha bati, kifua wazi, anakamua. Alikuwa amesikia na ameelewa. Maziwa yalitoka kidogo kidogo. Yalipofunika tu kitako cha kikombe akanipa. Nikazunguka tena mbio, nikafika kwenye yale matawi yaliyokatwa, yenye utelezi wa utomvu na matope, nikaanguka kifudifudi.

"Yamemwagika!" nililia. "Mama, yamemwagika!"

Nilikuwa bado chini nilipoona ua unatikisika. Palikuwa na sehemu moja ambapo mnyaa ulikuwa umetoka na michongoma ilikuwa haijafumbana vizuri. Mama alipita hapo. Kanga ya kichwani ilibaki kwenye miiba, blauzi ikachanika begani, damu inamchuruzika kwenye paji la uso. Alipiga magoti kwenye matope, akakipakata kichwa cha baba mkwe wake kama anavyompakata mdogo wangu, akamtoa viganja usoni, akafungua jicho kwa vidole viwili, akakamua.

Bibi akapiga yowe kubwa kuliko lile la babu. "Mkwe wako! Mkwe wako huyo!"

Tangu siku ile nimeona mengi. Nimezalisha mwanamke kwenye lori lililokwama njia ya Iringa. Nimezika. Lakini hakuna kilichonishtua kama kumwona mama yangu, bila kitambaa kichwani, uso wake juu ya uso wa babu. Nilihisi kwamba mbingu itafanya kitu. Mama alikamua titi moja, akakamua la pili, kisha akainua kichwa na kumwona bibi, kana kwamba ndiyo kwanza anajua yuko wapi. Akajifunika uso kwa mikono yake na kurudi kwa pengo lile lile, miiba ikamchana tena.

Babu alifungwa kitambaa machoni, akalala ndani. Mama hakula. Alikaa amempakata mdogo wangu akihesabu pumzi zake, kanga ameivuta mpaka chini ya nyusi. Yale mafua yakashuka kifuani, mtoto akaanza kukohoa. Kijijini wakasema, imeanza.

Jumapili baada ya ibada ndugu watatu wa babu walikuja wakakaa barazani kwake. Mimi niliwapelekea chai, kwa hiyo nilisikia yote. Walitaka mama arudishwe kwao, asafishwe huko, na watoto wabaki kwa kuwa ni wa ukoo. Nilisimama na birika mkononi. Mimi ndiye niliyeangusha kikombe. Kama ningetazama mahali pa kukanyaga, mama angebaki upande wake wa ua. Nilitaka kusema hivyo, nikaishia kumimina chai.

Kaka mkubwa wa babu alisema, "Alikushika kichwa. Alikuwa kifua wazi mbele yako."

"Nani?" babu akauliza. Alikuwa ameketi katikati yao na kitambaa chake machoni.

"Mke wa mwanao. Nani tena?"

"Mimi siku ile nilikuwa kipofu," babu akasema. "Sikumwona mtu. Nilihisi maziwa."

Wakatazamana.

"Na yeye je? Yeye alikuona."

"Aliona macho mawili yanaungua. Kamuulizeni kama aliona kingine. Aliyekosa ni mimi niliyekata mnyaa wakati wa mvua. Kama ni lazima damu imwagike, mchinjeni beberu wangu, mtoto aombewe, mambo yaishe."

Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwa mtu wa kubishiwa. Wakamchinja beberu, yule yule wa tawi, wakasali, wakala, wakaondoka. Mdogo wangu alikohoa siku tano zaidi, akaacha. Sasa ni babu mwenye kitambi na bado ana kelele.

Kitambaa kilipoondolewa, jicho la kushoto la babu lilibaki na ukungu mpaka kufa kwake. La kulia lilikuwa zima. Siku ya kwanza aliyotoka nje alichukua jembe na miche mitatu, akaenda kuziba lile pengo. Nilishangaa, kisha nikachukia. Mwanamke amekuokoa jicho, halafu kazi yako ya kwanza ni kumfungia njia kwa miiba! Nilikuwa nakusanya matawi nyuma yake, nayatupa kwenye kapu kwa nguvu ili ajue kwamba nimekasirika.

Alifukia mche wa mwisho, akaukandamiza udongo kwa kiganja. Bila kugeuka akasema, "Kile kidonda cha mama yako, hapa juu ya jicho la kulia. Kimepona?"

Kapu liliniponyoka. Mimi sikuwa nimemwambia. Bibi asingethubutu, hakuna mtu kwetu ambaye angethubutu kumsimulia mwanaume jinsi uso wa mke wa mwanawe ulivyo. Na tangu siku ile mama hakuwa ameivua kanga yake mbele ya mtu yeyote ila sisi watoto. Nikamtazama babu, na lile jicho lake zima likanitazama. Kumbe utomvu ulikuwa umeingia jicho moja tu. Alikuwa amemwona mama yangu waziwazi, mchana kweupe, uso na kifua na damu, kisha akawadanganya ndugu zake watatu, tena Jumapili, yeye mzee wa kanisa.

"Kimepona, Babu," nikasema.

"Haya. Kusanya hiyo miiba yote, mtu asije akachomwa."

Waliishi hivyo miaka kumi na minne zaidi, yeye huku na mama kule. Ua ulifumbana mpaka mwanga haukupenya. Kila mwaka kabla ya mvua babu alikata upande wake, mama akakata wake, kimo kile kile, na mimi nikiwa nyumbani nilifagia miiba pande zote mbili. Sikumwambia mama kitu. Babu alipokwisha kuzikwa ndipo nilipomwambia kwamba mzee alikuwa amemwona, mimi mwenyewe nikiwa na watoto, tumekaa jikoni kwake tunachambua maharage. Nilidhani atacheka.

Mama aliacha maharage. Akavuta kanga yake taratibu, akajifunika uso.